Kudeta ya Pili

Siku niliyopinduliwa, mwanangu, sikuwa hata nyumbani. Nilikuwa Muyinga kwenye arusi ya binamu yangu, nimevaa koti la kuazima linalonibana makwapani, mkononi nina sahani ya pilau. Simu ikalia. Wakati ule simu ilikuwa bado kitu cha kuringia, kwa hiyo nikaenda kuipokelea mahali ambapo kila mtu angeniona. Nilijuta baadaye, maana wote waliiona na sura yangu ilivyobadilika.

Aliyepiga alikuwa Elia, rafiki yangu tangu kambini Tanzania, tulikokulia sote wawili. Alisema, "Mwenyekiti, huku wamekupiga kudeta. Nestori ndiye mwenyekiti sasa. Lakini usihofu. Vijana wapo tayari. Kesho tunakusubiri Magarama, tunapanda pamoja mpaka Mutaho, tunakirudisha kiti chako. Dawa ya moto ni moto."

Kabla sijaendelea nikueleze uenyekiti wenyewe, usije ukadhani nilikuwa gavana. Nilikuwa mwenyekiti wa kufyatua matofali. Cheka tu, lakini mimi wakati ule sikucheka.

Tuliporudi Burundi baada ya amani, tulipewa mabati ya kuezekea, na kuta tukaambiwa tujitafutie wenyewe. Kilima chetu, maana kwa Warundi kilima ndicho kijiji, kipo Mutaho, mkoani Gitega. Warundi wana desturi ya tangu zamani iitwayo ikibiri: leo sote tunafanya kazi kwako, kesho kwangu, na mwenye kazi anatoa chakula na pombe ya ndizi ya kuburudisha koo. Basi tukaunda ikibiri cha matofali, sisi tuliorudi pamoja na majirani ambao hawakukimbia. Wakanichagua mimi kwa sababu nilijua kusoma na nilikuwa na sauti kubwa. Watu wengi wamepewa uongozi kwa sababu hizo hizo mbili, na matokeo yake tunayaona.

Mimi niliwaongoza kwa sheria za kambini, maana ndizo nilizozijua. Kambini mtu anaishi kwa foleni. Ukichelewa umepoteza zamu, na hakuna wa kumlalamikia. Nilidhani ndivyo dunia yote inavyokwenda. Nikanunua filimbi, nikawa naipuliza asubuhi bondeni, na aliyefika baada ya filimbi zamu yake ilirudishwa nyuma. Majirani zetu, watu ambao baba zao walifanya ikibiri bila kupulizwa filimbi na mtu yeyote, walikuwa wananitazama tu. Mrundi akikutazama tu, mwanangu, usidhani amekubali.

Nestori alikuwa jirani yangu, shamba lake linapakana na langu. Mara tu niliposafiri, alikwenda na wenzake nyumbani kwangu wakamwomba mke wangu ile filimbi. Mke wangu akawapa, akidhani ni ya kazi. Nestori akashuka nayo bondeni, akaipuliza, akatangaza kwamba kuanzia sasa mwenyekiti ni yeye, na asiyetaka arudi Tanzania. Neno hilo la Tanzania ndilo lililowachoma wenzangu. Waliweka majembe begani wakaondoka.

Na pale bondeni walipoondoka palikuwa na matofali mabichi yamelala yanakauka. Yalikuwa ya Mama Spesi, mjane ambaye zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Alikuwa akilala na wanawe kwenye kibanda cha majani ambacho mbuzi mwenye adabu angekikataa. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Elia kwenye simu hakumtaja Mama Spesi. Nami sikumuuliza.

Shangazi yangu Mwajuma, mama wa yule binamu, ndiye aliyekuwa mwenye arusi, alinifuata nyuma ya nyumba. Yeye hakukimbilia Tanzania. Aliolewa na fundi cherehani Mwislamu wa Muyinga mjini, akasilimu, akawa muuza vitenge, akabaki huko miaka yote tuliyokuwa kambini. Kwetu shangazi ni baba wa kike. Akikuita, unakwenda; akikufuata, unasimama.

"We Zakaria," akasema, "iko nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa, Shangazi. Wamenipiga kudeta."

Alinitazama usoni, akalitazama koti, akanirudia usoni. "Iyo neno unaitoa wapi?"

"Si ndivyo wanavyosema watu wote?"

"Watu wote wanasema. Wanasema mu mupira, wanasema mu kwaya. Mutoto ananyanganya mwenzake kiti, anasema kudeta. Mi siipendi mu nyumba yangu. Lakini bon, imeshaingia. Uniambie vizuri. Pengine iko ya kweli."

Nikamweleza yote, na kwamba zamu ya matofali ilikuwa ya mjane. Akawa ananiuliza taratibu, kwa sauti ile ile anayomuulizia mteja anataka kitenge cha rangi gani. Huyu Nestori ni mtu wa nje? Hapana, ni jirani, tunakunywa chungu kimoja. Watu walikaa wakamchagua? Hawakukaa. Wewe ulikuwapo? Nilikuwa hapa kwako, nakula pilau. Na kitu cha kwanza alichochukua ni nini?

"Filimbi," nikasema.

Hapo akacheka mpaka akashika ukuta. "Filimbi! Wakubwa wanachukua redio, we wanakuchukulia filimbi! Lakini iko kitu kimoja. Ile inafanya watu wasikie, ndiyo wanaanza nayo." Kisha akaacha kucheka. "Basi iko kudeta ya kweli, hata kama iko ya matofali."

Alinichambulia lile neno kama mtu anayechambua maharage, mabovu huku, mazima huku. Mengine niliyajua, mengine nilidhani nayajua. Akasema neno wameleta Wafaransa, na hata Waingereza wamelichukua kwao wakalitumia vile vile, kwa sababu kila mahali kitu hicho kipo. Kwa Kirundi wanasema guhirika, kusukuma kitu kilichosimama mpaka kianguke. Mimi nikamwambia kwamba shuleni Tanzania tulifundishwa neno mapinduzi, neno la sikukuu, watoto wanaimba na watu hawaendi kazini. Hakulikataa. Akasema mapinduzi ni pale watu wengi wanapoamka na nchi nzima ikageuka, ndiyo maana wenyewe wanaweza kuyasherehekea. Kudeta watu wengi hawaijui mpaka imekwisha. Maadui wakija kutoka mbali kukuondoa, hiyo ni vita. Watu wako wakikaa chini wakakuondoa mchana, wewe mwenyewe ukisikia, hiyo ni kura, hata ikikuuma vipi. Kudeta inafanywa na watu wachache wa ndani, ghafla, na wanapenda sana uwe safarini. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Na kama wana sababu nzuri?" nikamuuliza.

"Sababu siku zote wako nayo. Hata Nestori wako iko nayo. Kupigia wazee filimbi! Weye Zakaria, unaona wale ni mbuzi? Lakini sababu haibadirishe jina. Amechukua kiti ya watu bila kuuliza watu. Ni ile tu."

Nikafurahi kidogo. Nikaona amenipa ushindi. "Basi nina haki ya kukirudisha, Shangazi. Vijana wananisubiri Magarama. Dawa ya moto ni moto."

"Dawa ya moto iko maji, we mujinga," akasema. "Keti hapo."

Nikaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, na koti langu la kuazima. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele upande wa mbele, bibi arusi anatolewa, na Shangazi, mwenye arusi yake, amesimama na mimi huko nyuma penye moshi. Hapo ndipo aliponieleza jinsi mume wake alivyokufa. Nilikuwa najua kwamba aliuawa. Sikuwa najua ilikuwaje, maana katika familia yetu tulisema tu "wakati ule" na kila mtu aliinamisha kichwa.

Alisema siku redio ilipoamka inapiga muziki mtupu bila mtu wa kusema, walijua kuna jambo. Ilikuwa kudeta ya wakubwa, huko mji mkuu. Pale mtaani kwao Muyinga siku ile hakulia mtu. Walipika, wakala, wakaulizana habari uani. Mume wake alifungua duka, akashona.

"Kilio kilikuja nyuma," akasema. "Kilikuja na wale walisema: wametunyanganya, na siye turudishe. Na wengine wakasema: wanakuja kurudisha, tuwangoje. Kila mutu anarudisha, kila mutu anangoja. Ndiyo wakafunga barabara. Bwana yangu alikuwa anapelekea mutu nguo yake. Wale walimusimamisha, Zakaria, walikuwa wamevaa suruali alizowashonea yeye mwenyewe. Hakuchukua kiti ya mutu. Hakuwa hata na kiti, alikuwa na cherehani."

Hakulia. Alikuwa ameshalia miaka mingi. Mimi ndiye niliyelia, nikajipangusa na mkono wa koti la watu.

"Kudeta ya kwanza inachukua kiti," akasema. "Ile ya pili inachukua watu. Umesikia mwanangu? Na ile ya pili, siku zote inafanywa na mutu mwenye haki."

Nikamuuliza sasa nifanye nini, nimwachie tu? Akasema hakusema nimwachie. Kilima kina wazee wake, abashingantahe, wanaoketi mbele ya watu wote na kuamua. Niende kwao nikashtaki. Lakini kwanza kuna mjane na matofali yake. Nishuke bondeni nikafanye kazi.

"Chini ya Nestori?"

"Udongo haujue mwenyekiti."

"Watanicheka, Shangazi."

"Watacheka. Si umesikia mi nimekucheka? Umekufa?"

Basi asubuhi yake nikaondoka. Gari lilinishusha Gitega mjini, nikatembea kwa miguu hadi Magarama. Elia na vijana walikuwa mbele ya kiduka kimoja wanakunywa soda, na fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Fimbo nzuri, zimechongwa. Waliponiona wakasimama wakaniita mwenyekiti, na nisikudanganye, mwanangu, moyo wangu uliruka. Hakuna kitu kitamu kama kuitwa kwa cheo chako na watu walio tayari kupigana kwa ajili yako. Nilisimama pale nikahisi yale maneno yote ya Shangazi yanaanza kunitoka.

Kilichonisaidia ni wingu. Upande wa Mutaho kulikuwa na wingu zito, na nikakumbuka matofali.

Nikawaambia, "Fimbo ziacheni hapa. Twendeni na majembe na turubai. Mvua inakuja na kazi ya Mama Spesi iko nje."

Elia alidhani ninatania. Alipoona sitanii alisogea akaniambia karibu na uso, "Tumekuwa wakimbizi Tanzania, sasa unataka tuwe wakimbizi kwetu? Wewe ni mwoga, Zakaria. Umekwenda arusini mwanamume, umerudi bibi arusi." Vijana wakacheka. Nikageuka nikashika njia, na baada ya muda nikasikia miguu nyuma yangu. Baadhi yao walinifuata, wengine wakabaki na Elia na soda zao. Baiskeli za kubeba ndizi zilitupakia mpaka tukafika kilimani kwetu, mawingu yameshafika kabla yetu.

Bondeni Nestori alikuwa na watu wake wachache, wanahangaika kuyahamisha matofali kuyapeleka mahali pa juu. Mikono haikutosha, maana nusu ya ikibiri ilikuwa imesusa. Mama Spesi mwenyewe alikuwa amebeba tofali moja moja kifuani, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Walipotuona tunateremka wengi namna ile, kazi ilisimama. Nestori akaweka tofali chini na kusogea hadi kwenye rundo la nyasi za kufunikia. Akasimama hapo hapo.

Nikavua koti. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani, maneno ya hekima kweli kweli, na yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Mwenyekiti, tuanzie upande gani?"

Ilinichoma kulitamka. Lilitoka kooni kama mfupa wa samaki. Nestori alinitazama, akawatazama vijana wangu, akatazama mikono yetu. Kisha akanyoosha kidole upande wa chini, kwenye safu zilizokuwa karibu na mto, na akasema kwa sauti ndogo, "Hizo ndizo zitaenda kwanza."

Tukabeba. Hakuna aliyeimba, ingawa katika ikibiri watu huimba. Matone ya kwanza yalipoanza kuanguka, nikakimbilia lile rundo la nyasi ili nifunike safu ya mwisho. Nikainua fungu moja.

Chini yake palikuwa na mapanga. Hayakuwa ya kukatia nyasi, maana ya kukatia nyasi hayapangwi namna ile, mpini na mpini, yakiwa yamenolewa upya. Yalitosha kila mwanamume aliyekuwa na Nestori.

Nikainua macho nikamkuta Nestori ananitazama. Mvua ikaanza kumwaga kweli kweli.

"Tulisikia munakuja," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Tumekuja."

Nikalirudisha fungu lile chini pale pale lilipokuwa, nikachukua jingine. Naye akaja akashika upande wa pili, tukafunika safu pamoja. Tulipoteza matofali ya safu mbili za chini, mengine yakapona. Vijana wangu hawakuyaona yale mapanga, na sikuwaambia siku ile. Ningewaambia, wangerudi Magarama kuchukua fimbo, au kitu kibaya kuliko fimbo.

Baada ya hapo nilishtaki kwa wazee, kama nilivyoelekezwa. Waliketi peupe, kilima chote kikisikiliza. Walimwambia Nestori kwamba kiti cha watu hakichukuliwi kwa kumlaghai mke wa mtu, wakamtoza chungu cha pombe ya ndizi, tukainywa wote. Na mimi pia hawakuniacha. Mzee mmoja aliniambia filimbi ni ya refa, na kilima si uwanja wa mpira. Kisha wakawauliza watu wanamtaka nani. Watu wakamchagua Nestori. Wakamchagua mbele ya macho yangu, mchana, na baadhi ya waliorudi nami wakainua mikono pamoja nao! Hiyo iliniuma kuliko ile ya kwanza. Lakini nililijua jina lake, kura, nikaimeza. Nestori aliongoza vizuri, nakwambia ukweli hata kama ulimi unakataa. Nyumba ninayokaa imejengwa wakati wa uongozi wake.

Sasa nikusemeze wewe, mwanangu, kwa sababu siku hizi nawasikia mnalitumia neno hili kama karanga. Kocha akibadilishwa, kudeta. Mwalimu wa kwaya akiondolewa, kudeta. Sikukatazi kulitumia. Ninachokuomba ni ulitumie ukijua uzito wake, maana kuna nyumba ambamo ukilitaja, mtu anaacha kula. Kabla hujalitamka uliza kama Shangazi alivyouliza: ni nani aliyefanya, watu waliulizwa au hawakuulizwa, mwenye kiti alikuwapo au hakuwapo. Kama uliondolewa mchana na watu wako, meza mate, hiyo si kudeta.

Ukiwa na kiti, usiwapigie watu filimbi. Cheo ni dhamana. Ukitamani kiti cha mwenzako na una sababu, ngoja arudi safari, umwambie usoni mbele ya watu. Na siku wakikunyang'anya wewe, na haki iko upande wako kabisa, na marafiki zako wamesimama wanakuita kwa jina la cheo, siku hiyo ndiyo ujiogope mwenyewe kuliko siku zote. Hasira hasara. Nenda kwanza kwenye kazi ambayo ugomvi wenu unaiharibu, uinue kitu kimoja, ubebe. Kushtaki utashtaki baadaye, mikono ikiwa na tope.

Hutapewa sifa kwa damu ambayo haikumwagika, mwanangu. Hakuna anayeiona. Elia mpaka leo ananiita bibi arusi, akiwa na wajukuu zake magotini, meno yamemtoka kwa kucheka. Nestori jana alipita hapa kuuliza kama nina mbegu za maharage. Vijana waliokuja nami bondeni wana vitambi. Mama Spesi alifariki kwa uzee, kitandani kwake, mvua ikinyesha juu ya bati na yeye yupo pakavu.

Mungu akupe subira siku utakayokuwa na haki. Akupe majirani wa kugombana nao leo na kuombana mbegu kesho. Na wote unaowapenda, pamoja na wote usiowapenda, Mungu awajalie kufa wazee.